Mama wa Meza na Amina Yake Moja

Kwa miaka yote niliyomjua, sikumsikia hata mara moja akisema Amina. Kanisani wenzake wakiitikia mpaka mabati yanatikisika, yeye alifumba midomo na kutazama dirishani, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu motoni. Mzee wa kanisa alimwita mara mbili kumuuliza. Mara ya kwanza alijibu kwamba koo linamuuma. Mara ya pili alichoka kudanganya.

"Baba," alisema, "Amina ni kufunga mlango. Nikiufunga leo, kesho nitaona uvivu kuufungua. Amina yangu ni moja tu, nimeitunza. Siku mtakayosikia nimeisema, mjue nimekwisha."

Mzee wa kanisa alikuwa mtu mwema, ila hakupenda jambo lolote ambalo halikuandikwa katika kitabu cha ibada. Akasema atalifikisha kwa mchungaji. Mchungaji naye alikuwa na makanisa mengi na pikipiki moja iliyokuwa ikilala gereji kuliko nyumbani, kwa hiyo shauri lile liliishia hapo, na Mama wa Meza akaendelea kutazama dirishani.

Tulimwita hivyo kwa sababu ya meza za kuanikia kahawa. Shamba lilikuwa upande ule wa Karatu unaopanda kuelekea mlima Oldeani, na vibarua wake walitoka kila pembe: Mbulu, Dodoma, Singida. Yeye alikuwa mtu wa Singida. Alikuja lini, na nani, sikupata kujua. Niliwahi kumuuliza akasema alikuja kwa miguu, basi, na akaniuliza kama nimekwisha kuokota majani kwenye meza ya tatu.

Kazi ya meza si kazi ya mtu mvivu. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa hulazwa juu ya meza ndefu za wavu, nyeupe na yenye maji kama mahindi yaliyolowekwa, na kuanzia hapo inataka mtu wa kuitazama kama mtoto mchanga. Asubuhi unangoja umande ukauke ndipo unaifunua. Unaigeuza kwa mikono, meza hadi meza. Jua la mchana likiwa kali unaifunika isipasuke, likipoa unaifunua tena. Wingu likishuka kutoka mlimani unakimbia na turubai. Huwezi kugeuza leo kwa ajili ya kesho. Ukiruka siku moja, chini inaota ukungu, na mnunuzi ataunusa hata ukimletea gunia limefungwa. Mama wa Meza alikuwa na meza kumi na mbili, na nilipoanza kibarua pale nikiwa msichana niliyetoka kumaliza darasa la saba, ndiye niliyepewa nimfuate.

Siku ya kwanza nilidhani anaongea na mimi. Nilikuwa upande wa pili wa meza ya kwanza, mikono imezama kwenye kahawa, nikamsikia anasema, "Basi jana ile nguo ilikauka, asante." Nikauliza nguo gani. Akaendelea: mguu wake, mvua, yule kijana wa mtambo wa kumenyea kahawa mwenye jipu mgongoni, ukali wa msimamizi. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kumweleza mtu anayetembea naye njia moja. Nilipogundua anaongea na Mungu nikatoa mikono kwenye kahawa kwa heshima. Akanikazia macho. "Unaacha kazi kwa nini? Amekuambia uache?"

Alisali kwa urefu wa meza moja. Akifika mwisho wa ile meza ya kwanza alinyamaza, hata kama neno lilikuwa katikati ya mdomo. Siku moja alikuwa akisema, "Tena nilipokuwa naamka niliwaza jambo, nikasema hili lazima nikuambie, nalo ni kwamba..." Meza ikaisha. Akafuta mikono kwenye kitenge na kwenda meza ya pili.

"Mama," nikamwambia, "jambo gani?"

"Halikuhusu. Nitamwambia kesho."

"Na ukisahau?"

"Sitasahau. Nitalala nalo. Kesho nitaamka mapema kwa ajili yake."

Ndivyo alivyokuwa akiilea ile hamu yake. Wengine walisali mpaka wakachoka, wakaondoka wamejaa na kukaa wiki nzima bila kurudi. Yeye alisema mtu akila mpaka akabeua, kesho yake hana habari na chakula. Inuka ungali na njaa kidogo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikaona ni ujanja wa mtu anayetaka kufupisha sala. Ilinichukua muda kuona kwamba mwanamke yule hakuwa amefupisha chochote, kwa sababu siku nzima kwake ilikuwa ni kungoja mwisho wa sentensi.

Asije mtu akafikiri namsimulia malaika. Ulimi wake ulikuwa pilipili. Alivuta ugoro, akauficha katika kikopo cha dawa ya viatu, na wanawake wa kikundi cha maombi wakamsema kwa hilo mpaka wakachoka wao. Alifundisha subira, lakini hakuweza kungoja chai ipoe. Kila siku aliunguza ulimi na kila siku aliilaumu chai. Kulikuwa na mama mmoja waliyegombana kwenye foleni ya maji, ndoo kwa ndoo, hadi watu wakaja kuamua. Kesho yake, kwenye meza ya kwanza, nikamsikia anamwombea. "Umbariki yule mama," alisema. "Umpe afya. Ingawa unajua mwenyewe alivyo." Kisha akamweleza Mungu jinsi alivyo, jambo moja baada ya jingine, na siku ile meza ilikwisha upesi sana kwake.

Mabinti wa shambani walimpenda pamoja na ukali wake, nao walimwuliza maswali wasiyoweza kumwuliza mzee wa kanisa. Mmoja alimwambia, "Mama, mimi kusali sina hamu. Nikipiga magoti nawaza mambo ya sokoni." Tulingoja amkaripie. Yeye alikuwa akichokora moto wa chai yetu, akasema bila kuinua kichwa, "Hamu ni mgeni. Mgeni haingii nyumba ambayo jiko limezimika. Wewe washa tu, hata kama humuoni njiani."

"Na kama sina moto?"

"Utaazima. Wewe nyumbani kwenu kiberiti kikiisha mnakula ugali mbichi?"

Tukacheka, maana miaka ile kiberiti kilikuwa kitu cha kuulizia duka hadi duka. Kila asubuhi ungewaona wanawake wakivuka njia na kigae mkononi, kaa jekundu limelala juu ya majivu, wakipeleka moto nyumba hadi nyumba. Yeye mwenyewe aliazima sana, na hakuona haya. Alisema kuazima moto si aibu. Aibu ni kukaa na baridi kwa sababu ya kiburi. Neno hilo nililichukulia kuwa neno la mabinti wa kazini, nikaliacha palepale jikoni.

Lori la shamba lilikuwa likipeleka kabichi na viazi kwenye hoteli iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mama wa Meza aliomba lifti mara tatu katika maisha yake ili akaione kreta, na mara zote tatu alikuta ukungu. Mara ya tatu nilikuwa naye. Tulipanda juu ya magunia, baridi ikatuingia mpaka kwenye meno, na tulipofika pale watu wanaposimama kutazama hapakuwa na kitu. Hatua tano mbele ya miguu yetu dunia ilikuwa imekwisha, nyeupe tupu. Mimi nilikasirika. Nilikuwa nimewaahidi wadogo zangu hadithi za faru.

Yeye alijifunga khanga vizuri akasimama ukingoni kama mtu aliyefika kwa wenyewe na kuambiwa angoje. Mzee mmoja wa Kimasai alikuwa ameegemea fimbo yake kando ya njia, rubega imelowa, akitutazama kwa kucheka kidogo.

"Yeyo, mama, unaangalia nini?"

"Kreta."

"Lakini haionekani."

"Najua haionekani, baba. Ipo?"

Mzee alimtazama kwa makini, akaacha kucheka. "Ipo. Ng'ombe zangu ziko chini huko, zimekwenda kula magadi, vijana wanazichunga. Nyamaza, utasikia."

Tukanyamaza. Dereva alikuwa akipakua kabichi na kupiga makelele, kisha naye akanyamaza. Mwanzo nilisikia upepo tu. Halafu kutoka chini, mbali sana, chini kuliko nilivyodhani ardhi inaweza kuwa, ikaja kengele ya ng'ombe. Moja. Ikapotea. Ikaja tena. Nikarudi nyuma hatua moja kwa hofu, maana mara ile ndipo nilipojua ukubwa wa shimo tulilosimama mbele yake. Ningeliona kwa macho labda ningesema ni kubwa, nikageuka. Mama wa Meza alinishika mkono kwa nguvu. Tulipokuwa tunarudi juu ya magunia matupu alikuwa na uso wa mtu aliyetoka arusini, na nilipomwambia pole kwa kukosa mara tatu, alinishangaa. "Nimekosa nini?" aliniuliza.

Mambo haya yote nayajua sasa kwa sababu ya yale yaliyonipata baadaye. Bila hayo ningemkumbuka kama mama fulani mcheshi wa shambani, mvuta ugoro.

Niliolewa kijiji cha jirani, nikapata mtoto wa kiume. Alipofika mwaka wa pili alikuwa ameanza kuviita vitu majina, na kila kilichokuwa na miguu minne alikiita ndama: mbuzi, mbwa, hata kigoda. Surua ilikuja mwezi wa tisa. Nilisali siku tatu. Nilisali kwa maneno ya kanisani, kwa maneno ya Mama wa Meza, na mwisho bila maneno. Siku ya tatu mchana alikufa, na mimi nikaacha kusali. Sikukata shauri kuacha. Niliinua mkono wa kusali nikakuta haupo.

Kwetu Wairaqw mtoto akifa nyumba yote hutengwa. Tunaita metimani. Huendi kuteka maji pamoja na wengine, hushiki chombo cha jirani, mgeni haingii uani kwako, na zaidi ya yote hakuna mtu anayechukua moto kutoka jikoni kwako, kwa sababu kifo kinaweza kufuatana nao. Hukaa hivyo miezi, mpaka wazee waseme yatosha. Siku zile Wakristo wengi walikuwa wameanza kuiacha desturi hiyo, lakini mama mkwe wangu hakuwa mmoja wao, na mimi sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu. Nililala nimeelekea ukutani. Mzee wa kanisa alituma neno kwamba Mkristo hatengwi na mambo hayo yamepitwa na wakati. Alituma neno, yeye mwenyewe hakuja.

Aliyekuja ni Mama wa Meza. Yeye ni mgeni, mila yetu haimhusu, angeweza kuingia moja kwa moja akasema hakujua. Hakuingia. Alisimama njiani, nje ya ua wa minyaa, hatua kama thelathini kutoka mlangoni. Ilikuwa yapata saa tatu, jua limetoka vizuri, kahawa yake imeshafunuliwa na kugeuzwa mara ya kwanza na haimhitaji kwa kitambo. Akaita kwa sauti ile ile ya meza ya kwanza:

"Mwanangu! Jua limetoka. Wewe upo, mimi nipo, na Yeye yupo."

Kisha akasali palepale njiani, kwa sauti, habari za meza, za mguu, za mvua iliyochelewa. Akakatisha katikati ya sentensi, akaenda zake.

Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Mama mkwe wangu alimchungulia siku za kwanza kwa wasiwasi, asije akavuka. Alipoona havuki, alianza kutoka nje saa ile na kukaa kwenye jiwe lake akisikiliza. Kwa wazee wetu Mungu ni Looa, naye ni mama, na jua ni lake. Mama mkwe alikuwa akimtaja Looa mara mia kwa siku, akikohoa, akijikwaa, akifunga mbuzi. "Huyu mtu wa Singida anajua kusimama," alisema siku moja akiingia ndani. "Na Looa anamsalimia kila siku, hachoki." Ndilo neno zuri pekee nililomsikia akilisema juu ya mtu wa kutoka nje.

Mimi nilitamani aache. Kila saa tatu ilipokaribia nilijifunika blanketi masikioni. Ile "Yeye yupo" ilinichoma. Zaidi ya miezi miwili alikuja, na sikumjibu hata mara moja.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja. Alisema maneno yake, akasali, na kwa mara ya kwanza akamtaja mwanangu. "Na yule mtoto," alisema, "nilikuwa nataka kukuuliza juu yake, maana tangu siku ile nawaza kwamba..." Akanyamaza. Alikuwa amefika mwisho wa meza yake.

Sijui nilivyoinuka. Nilijikuta mlangoni, nywele timutimu, nguo ya wiki nzima, napiga kelele: "Maliza! Usiondoke, maliza! Muulize! Muulize alikuwa wapi!" Yeye akageuka, akasimama. "Mwambie nilimwita siku tatu! Mwambie nilimwita kwa jina lake! Ulikuwa wapi? Wewe Mungu, ulikuwa unasikia au ulikuwa husikii? Kama ulisikia mbona ulikaa tu? Ulikuwa unamtaka wa nini mtoto ambaye hajajua tofauti ya mbuzi na ndama?"

Nilisema mengi zaidi, mengine siwezi kuyaandika. Mama mkwe alisimama akakaa, akasimama akakaa. Mama wa Meza aliketi chini, palepale njiani kwenye vumbi, miguu ameinyoosha mbele, na hakufungua mdomo. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoishiwa sauti. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza ya vuli, na yeye alikuwa bado ameketi anarowa. Ndipo alipoinuka, akanitazama, akaondoka bila kuaga.

Nilipotolewa katika metimani nikarudi shambani, mezani nilimkuta mwanamke mwingine. Wenzangu wakanieleza kwa kunong'ona. Siku ile ya mvua meza kumi na mbili zilikuwa wazi, na mwenyewe hakuwepo. Kahawa ilirowa yote. Msimamizi alimngoja kwenye lango, na tangu siku ile alipelekwa palizi, kwenye jembe, na mguu wake ule. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kupoteza hata meza moja.

Nilimkuta kwenye mistari ya kahawa ameinama. Nilipiga magoti kwenye udongo nikaomba radhi. Alikasirika kwelikweli.

"Nani kakuambia? Watu wa hapa midomo yao haina mlango. Inuka."

"Mama, wewe ndiye uliyetufundisha kusali meza moja tu. Siku ile ulikaa kwa nini?"

"Siku ile sikuwa nasali," alisema, akaendelea kulima. "Siku ile nilikuwa nasikiliza."

Nilidhani ananifariji. Nami sikurudiwa na ile hamu ya kusali kwa siku moja, nisidanganye. Ila tangu asubuhi ile nilikuwa nimeanza ugomvi, na ugomvi una desturi yake: ukilala haujaisha, unaamka nao. Kila siku nilikuwa na neno jingine la kumwambia Mungu, la uchungu. Baada ya mwaka hivi nikagundua kwamba kati ya yale maneno kuna mengine si ya ugomvi tena, ni ya habari tu: ng'ombe amezaa, mvua imekuja, mimba imeingia. Mama wa Meza alirudishwa mezani msimu uliofuata, kwa sababu mwanamke yule mwingine aliotesha kahawa ukungu, na msimamizi hakuwa mjinga.

Tulihamia Endulen mume wangu alipopata kazi ya ulinzi hospitalini, na mimi nikapokewa wodini kama mhudumu. Huko ni mbali na barabara ni mbaya, miaka ikapita. Nilikuwa natandika vitanda vya wagonjwa asubuhi nikiongea kwa urefu wa wodi moja, na akina mama wa Kimasai wakadhani naongea nao, wakanijibu.

Niliporudi Karatu ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ile ya themanini, mwezi wa sita, ukungu umelala mpaka barabarani. Nilienda kumtafuta kwenye nyumba za vibarua. Jirani yake, mama mmoja mchangamfu wa kikundi cha maombi, alinipokea kwa furaha.

"Yupo, lakini hafanyi kazi tena, macho yamekwisha. Ila sasa amekuwa mtulivu! Ule ukaidi umemtoka. Tunakwenda kusali naye, anaitika vizuri kabisa. Siku hizi hata Amina anasema."

Nilimshukuru. Nilikumbuka neno lake: siku mtakayosikia nimeisema, mjue nimekwisha.

Nilimkuta kwenye kitanda cha kamba, mdogo, khanga inampwaya. Alinijua kwa sauti. Nilimwekea chai, na nilishtuka kuona ameishika kikombeni mpaka ikapoa.

"Mama, nimesikia unasema Amina."

"Wanapenda kuisikia," alisema. "Na mimi sina cha kusema kesho, mwanangu. Mezani nilikuwa na habari. Humu nina ukuta. Nikianza kumwambia jambo, linaisha lenyewe kabla sijalikatisha. Nimeshiba au nimechoka, sijui tena tofauti."

Nikamwambia alivyosimama njiani kwa ajili yangu, na kwamba kama nina neno lolote na Mungu leo ni kwa sababu ya moto alioniletea kila siku pale minyaani. Alitikisa kichwa, kisha akatikisa tena, kama anafukuza nzi.

"Hukuelewa kumbe. Miaka yote hiyo." Alinitafuta mkono mpaka akaupata. "Mwaka ule nilikuwa nimekauka, mwanangu. Nilisali kama mtu anayesoma orodha ya vibarua. Nilikuja kwako kwa sababu ya huruma, ndiyo, lakini maneno yalikuwa makavu mdomoni. Nilisema 'Yeye yupo' na sikuwa na hakika. Halafu ukatoka ukamfokea. Mimi nilikuwa naongea juu yake. Wewe ulimfokea kama mtu uliyelala naye chumba kimoja. Nikasema, kumbe yupo, mbona huyu anamwona! Ndiyo maana nilikaa. Kahawa niliikumbuka, usidhani sikuikumbuka. Sikuweza kuinuka." Akavuta pumzi. "Mila yenu ilikataza mtu kuchukua moto kwako. Mimi niliuchukua. Nimekula kwa moto ule miaka yote."

Nilikuwa mwanamke mzima, mhudumu wa wodi, nimefumba macho ya watu wengi, na nililia mbele yake kama binti. Ile siku niliyodhani ni ya aibu yangu kuu, yeye alikuwa ameila kama chakula. Nikaogopa, kwa ile hofu niliyoipata ukingoni mwa kreta, ya kusikia kengele kutoka chini sana.

Nilipoinuka kuaga alishika kona ya khanga yangu. "Mniombee basi," alisema, kwa sauti ile ya kikundi cha maombi, na nikajua kwamba nikipiga magoti pale na kusali vizuri, atasema Amina.

Nikatoka nje. Nikapita uani, nikapita kamba ya nguo, nikaenda mpaka njiani, hatua kama thelathini. Jirani yake alikuwa anachambua maharage, akanitazama kwa mshangao. Nikageukia ule mlango.

"Mama! Jua limetoka. Wewe upo, mimi nipo, na Yeye yupo."

Kimya. Ukungu ulikuwa unapita kati yangu na nyumba, na nilihesabu pumzi zangu. Nikafikiri nimekosea, nimemfanyia mchezo mtu mzima aliyechoka. Halafu sauti ikatoka ndani, ya ukali.

"Muongo! Jua liko wapi na ukungu wote huu?"

"Lipo," nikajibu.

Kisha nikamsikia anaanza, na hakuwa anaongea na mimi. "Haya. Na Wewe! Macho yangu umeyapeleka wapi? Unaniweka humu na ukuta, kisha unamtuma mtoto wa watu aje anipigie kelele njiani, chai yangu imepoa..." Akaingia Kinyiramba, lugha ya kwao, na mimi Kinyiramba sikijui, lakini sauti niliijua. Mtu anapomfokea aliye karibu naye hana haja ya kupaza sana.

Nilisimama kwa urefu wa meza moja. Katikati ya neno akakatisha ghafla, na nyumba ikanyamaza. Jirani aliacha maharage, akatega sikio pamoja nami.

Nikaanza kutembea kuelekea barabarani, polepole, nikisikiliza kama ataisema ile Amina. Nilisikiliza mpaka kwenye kona ya mwisho ya nyumba za vibarua, pale ambapo sauti ya mtu haifiki tena. Hakuisema.